Salamu Kabla ya Mgonjwa

Watu wakisikia kwamba ujana wangu niliumalizia kwenye simu ya upepo, hudhani nilikuwa na kazi ya raha: kukaa kivulini Kilwa Masoko, kubonyeza kitufe na kupiga soga na wilaya nzima kwa gharama ya serikali. Zamani nilikuwa nabishana nao. Siku hizi nawaambia ni kweli, soga zilikuwepo, tena nyingi mno, na nilipojaribu kuzikata niliitwa mtoto asiye na adabu. Neno hilo nimelivaa miaka yote hii na halijanibana popote.

Simu ya upepo yenyewe ilikuwa sanduku la chuma la rangi ya majani makavu, limewekwa juu ya meza ya mninga, na kipaza sauti chenye kitufe ubavuni. Nje kulikuwa na mlingoti mrefu uliofungwa kwa waya. Njia ya hewani ilikuwa moja tu kwa vituo vyote. Anayeongea amebonyeza, wengine wote wanasikiliza, watake wasitake. Wawili wakibonyeza pamoja, unasikia mluzi wa kukera, au mwenye mtambo wenye nguvu anammeza mwenzake. Sisi Masoko ndio tulioongoza. Wengine walikuwa Nangurukuru pale njia panda, Miteja, Songo Mnara kisiwani, na vituo viwili vitatu vya bara kwenye vijiji vipya vya ujamaa, ambako watu walikuwa ndiyo kwanza wanaezeka nyumba.

Nilikuwa mwanamke wa kwanza kukalishwa kwenye meza ile. Wapo waliosema sauti ya mwanamke haifiki mbali. Yangu ilifika, na ilipofika walisema ni kali mno.

Kila asubuhi tulifungua hewa na vituo vikatoa taarifa: ekari zilizolimwa, magunia ya mihogo mikavu, korosho, madarasa yaliyofika kwenye lenta, na wagonjwa wa kuchukuliwa. Hao wagonjwa ndio ninaotaka kuwazungumzia. Songo Mnara kulikuwa na zahanati ndogo na mganga mmoja, kijana mpole aliyehamishiwa pale kutoka Lindi. Mgonjwa akimzidi, tumaini lake lilikuwa boti ya injini iliyofungwa kwetu Masoko. Boti hiyo ilipita kwenye mlango wa mikoko, na mlango ule unapitika maji yakiwa yamejaa. Yakishapwa, boti inakaa nje, na mgonjwa anabebwa kitandani kwenye tope la magotini, au habebwi kabisa. Kwa hiyo habari ya mgonjwa wa Songo Mnara haikuwa na faida kwa kufika tu. Ilitakiwa ifike kabla maji hayajaondoka. Ikichelewa, ni sawa na kutofika.

Nayo ikawa inachelewa. Nahodha wa boti alikuja ofisini amefura, suruali imelowa tope hadi kiunoni, akaniuliza mbele ya watu kama nilikuwa nalala pale mezani. Mara ya pili akaja tena. Mara ya tatu hakuja yeye, aliniita mkuu wa ofisi.

Mkuu wetu wa ofisi alikuwa mtu wa bara, msafi, mwenye kupenda kila jambo liwe na maelezo mafupi. "Binti," aliniambia, "ama mtambo umechoka, ama wewe umechoka. Mtambo nitauletea fundi. Wewe nitakuletea mbadala."

Nilimjibu aanze na fundi.

Fundi alitoka Lindi na lori, akakaa kwetu siku kadhaa. Alibadilisha betri. Alipandisha mlingoti. Aliosha vishikizo vya waya vilivyoliwa na chumvi ya bahari, na hapo nilimheshimu, maana kazi aliifanya. Kisha akaondoka, na taarifa za kisiwani zikaendelea kuchelewa kama vile hajafika mtu. Basi nikaona mbadala wangu anakuja, na mimi narudishwa Miteja kwenda kupalilia mikorosho ya baba. Nilikasirika. Nikisema nilikasirika namaanisha sikula mchana ule, na nilipiga meza hadi chai ikamwagika.

Nikaanza kutafuta mwenyewe. Kwanza niliviambia vituo vyote: nikikuita, sema "ndiyo" tu, usiongeze kitu. Niliita Nangurukuru, ndiyo. Miteja, ndiyo. Songo Mnara, ndiyo, kwa sauti nyembamba lakini papo hapo, sijatoa hata pumzi. Kumbe mtambo haukuchoka. Hewa haikuwa na uvivu wowote. Neno likitumwa lilifika palepale, kwa hiyo lilichelewa kabla ya kutumwa.

Siku zilizofuata nilikuja ofisini na korosho kwenye upindo wa khanga. Kila mtu alipobonyeza kitufe niliweka korosho moja mezani: huku maneno ya kilimo na ujenzi, huku ya wagonjwa, huku salamu. Mkuu wa ofisi alipita akaniuliza kama nimeleta kibarua cha kubangua ofisini. Nilikuwa natazama fungu la salamu lilivyokuwa linamwagika ukingoni mwa meza.

Ilikuwa hivi. Hewa ikifunguka, kabla ya yote, kila kituo kilimwamkia mzee aliyeshika mtambo wa Miteja, kila kauli ikiishia kwa 'ova', yaani nimemaliza, zamu yako. "Miteja, Nangurukuru hapa, shikamoo mzee, ova." "Marahaba mwanangu, habari za huko, ova." "Njema, za nyumbani, ova." "Tunamshukuru Mungu, mama hajambo, ova." "Hajambo, na mguu wako je, ova." Mguu nao ulikuwa na taarifa yake. Akimaliza Nangurukuru, anakuja wa pili, naye ana mama, ana habari, ana swali la mguu. Wakishamaliza kumwamkia Miteja wanaamkiana wao kwa wao, mdogo kwa mkubwa. Kisha Miteja inaanza kusoma taarifa yake, na Miteja ilikuwa kijiji cha kusifiwa mkoani, haikosi cha kusoma. Kila akivuta pumzi au akigeuza karatasi, kidole hakitoki kwenye kitufe. Mganga wa kisiwani ndiye aliyekuwa mdogo kwa umri kuliko wote, na kisiwa chake kidogo kuliko vijiji vyote, basi zamu yake ilikuwa mkiani. Mtu mwenye mgonjwa anayefariki alikuwa anasubiri mguu wa mzee upone.

Mganga alipokuja Masoko kuchukua dawa nilimkalisha kwenye benchi nikamuuliza kwa nini hakati maneno.

"Dada, nitamkataje mzee?" alisema. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Tena mimi mgeni. Nikianza na mgonjwa bila kuamkia, watasema mganga gani huyu."

"Na mgonjwa atasema nini?"

Alikuwa kijana mwema, na wema wake ndio ulionitia hasira zaidi.

Sasa niseme jambo ambalo wilaya nzima ililijua na ambalo liliifanya kazi hii iwe yangu na si ya mwingine. Yule mzee wa Miteja alikuwa baba yangu mzazi. Alikuwa karani wa mnada wa korosho kabla ya Uhuru, alijua kusoma kwa sauti, na walipotafuta mtu wa kuaminika wa kukabidhiwa mtambo hawakumwona mwingine. Alizaliwa na sauti ya kusikilizwa, halafu serikali ikampa kipaza sauti. Kwa miaka mingi alikuwa ameheshimiwa na majirani zake tu. Sasa aliheshimiwa kila asubuhi na watu ambao hakuwahi kuwaona, na kila mmoja alimsikia mwenzake akimheshimu. Nampenda baba yangu, lakini sifa ilimlevya.

Asubuhi moja nilifungua hewa na sikumwamkia. Nilisema: "Vituo vyote, Masoko hapa. Kuanzia leo hakuna salamu mpaka wagonjwa wasikilizwe. Tunaanza na kisiwani. Wote toeni vidole kwenye vitufe. Songo Mnara, una mgonjwa? Ova."

Nikagusa nyaya za betri mpya, nikidhani imekufa. Kisha ile sauti nyembamba ikasema, "Sina mgonjwa leo, ova," na nikasikia mtu akicheka kwa woga mahali fulani bara. Miteja ilipopewa zamu ilisoma taarifa yake yote bila kusema neno lolote kwangu, na ilipomaliza ikazima.

Majuma yaliyofuata, boti haikuchelewa. Mtoto aliyeumwa na nyoka alichukuliwa maji yakiwa bado juu. Mzee aliyeugua ngiri alichukuliwa. Nahodha alinipitishia samaki wawili, changu, wamefungwa kwa ukili, akawaacha mezani bila maelezo, na mkuu wa ofisi alisema kumbe fundi wa Lindi alifanya kazi nzuri. Nilimwacha aamini hivyo. Nilichotaka ni boti kuondoka.

Lakini maneno yalikuwa yanapikwa huko nje. Sokoni nilisikia nimesoma hadi nimepotea. Mama alimtuma abiria wa basi kutoka Miteja aje kuniambia kwamba baba hali chakula vizuri, kwamba nimemvua nguo mbele ya wilaya, kwamba nirudi nimshike miguu. Nilimrudishia jibu: nitamshika miguu nyumbani, mchana kutwa akitaka, lakini hewani hapana. Mama alielewa, nadhani. Baba hakutaka kuelewa. Alikwenda kwenye kamati ya kijiji, kamati ikaja kwa mkuu wa ofisi, wazee watatu wenye kofia safi, nao hawakugusa habari ya boti wala kisiwa. Walisema serikali ya wananchi haiwezi kumkalisha kwenye mtambo mtu anayefundisha watoto kutoamkia wakubwa.

Nilisimama mlangoni nikaomba kueleza. Nilieleza korosho, nilieleza maji, nilieleza mlango wa mikoko. Mmoja wao akaniambia kwa upole, "Mwanangu, salamu haijawahi kuua mtu."

Mkuu wa ofisi alitaka maelezo mafupi, na haya yalikuwa mafupi. Alitoa uamuzi: nitamwomba baba radhi, palepale hewani nilipomkosea, kesho yake asubuhi, vituo vyote vikisikia. Ama hivyo, ama nikabidhi ufunguo wa chumba cha mtambo.

Asubuhi hiyo alikaa kwenye kiti karibu yangu, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kusimamia mtihani. Nilishika kipaza sauti nikasema nitawauliza kwanza kisiwani.

"Kwanza omba radhi," alisema.

"Mzee, itakuwa neno moja tu. Niwaulize tu."

"Binti. Kwanza omba radhi."

Wapo wanaoniambia hadi leo kwamba ningekaidi. Hao ni walewale walioniambia nilikaidi mno. Nawajibu kwamba aliyetoa amri alikuwa amekaa kwenye kiti, ana jina na cheo, wakamuulize yeye.

Nilibonyeza. "Miteja, Masoko hapa. Shikamoo baba. Naomba radhi kwa kukuvunjia heshima. Ova."

Nikaachia. Ukasikika mlio wa kitufe cha Miteja kubonyezwa, tukangoja marahaba.

Haikuja. Baba alikuwa amebonyeza na hasemi. Njia yote ilikuwa mkononi mwake. Tulimsikia akihema, pumzi za mtu mwenye hasira ambaye anataka kila mmoja ajue kwamba bado hajasamehe. Tulisikia jogoo wetu akiwika uani, jogoo niliyemjua. Tulisikia mtu akipita anakokota ndoo. Mimi nilikuwa namfahamu baba. Alikuwa anafanya hewani kile alichokuwa akitufanyia nyumbani tangu tukiwa wadogo: ukimkosea unamwamkia, na yeye anakuacha umesimama, umeinama, salamu yako inaning'inia, mpaka atakapoona umeiva. Nyumbani hilo halikumuumiza mtu zaidi yako.

Chini ya pumzi zile, nilisikia mkwaruzo. Ulikuja, ukamezwa. Ukaja tena. Ulikuwa mtambo dhaifu, unabonyezwa na kuachiwa, unabonyezwa na kuachiwa.

"Kisiwani wanaita," nilisema.

Mkuu wa ofisi alisema ngoja ajibu. Nikabonyeza kitufe changu nikapiga kelele, "Baba, achia! Achia kitufe!" Lakini mtu aliyebonyeza hasikii kitu. Ndivyo chombo kile kilivyotengenezwa. Niliinuka nikamwambia mkuu wa ofisi amtume nahodha kisiwani bila kusubiri taarifa, na yeye akasema hawezi kuchoma mafuta ya serikali kwa mkwaruzo. Nikatoka mbio mwenyewe hadi gatini. Nahodha hakuniuliza lolote, alianza kuvuta kamba. Lakini mafuta yalikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mtu, na mtu alitaka karatasi ya mkuu wa ofisi.

Niliporudi ofisini kuidai karatasi ile, baba alikuwa ameshasema marahaba yake. Mganga wa kisiwani alikuwa hewani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakumwamkia mtu. Alisema mama wa kujifungua, damu haikati, tangu alfajiri, naomba boti, naomba boti, naomba boti, ova.

Boti iliondoka. Maji hayakuisubiri. Walimbeba yule mama kwenye tope, wanaume wanne na kitanda cha kamba, na aliwafia kabla hawajafika kwenye boti. Mtoto naye hakuzaliwa. Nayaandika haya bila kuyapamba kwa sababu hayana pambo. Nililia, nikatukana, nikatupa kile kipaza sauti ukutani, na alama yake ilibaki kwenye chokaa.

Jioni hiyohiyo ofisi ilikwisha kuwa na jambo la kusema. Betri. Mkuu wa ofisi alisema betri ilianguka ghafla, mawimbi yakaharibika. Kamati ya Miteja ilisema betri. Nangurukuru, waliosikia kila kitu kwa masikio yao, walisema betri. Hata mganga, alipoulizwa, alisema labda betri. Sikuwa nimewahi kuona vijiji vikikubaliana upesi namna ile, na wala hapakuwa na mkutano. Mimi niliambiwa kwa sauti ya chini kwamba ni kwa faida yangu pia, maana yule ni baba yako.

Baada ya arobaini alikuja mume wa marehemu. Alikuwa mtu mfupi, mkulima na mvuvi, amevaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Mkuu wa ofisi alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akampa pole ya serikali. Yule bwana alishukuru. Kisha akauliza swali lake, taratibu.

"Nimekuja kuuliza tu. Siku ile, kwa nini mlikuwa hamtujibu?"

"Betri, ndugu yangu," alisema mkuu wa ofisi. "Vyombo hivi, unajua tena. Betri ilikufa."

Yule bwana akageuza uso kwangu.

Nilikuwa na umri wa kutaka kazi yangu, na nilikuwa na baba mmoja. Nilisema, "Betri ilikuwa nzima. Aliyekuwa ameshika kitufe ni baba yangu mzazi, kule Miteja. Alikuwa amekataa kuitikia salamu yangu. Na salamu hiyo niliambiwa niitoe kabla ya kuwauliza ninyi, na aliyeniambia ni huyu."

Mkuu wa ofisi alisimama. Yule bwana hakusimama, wala hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa polepole.

"Najua," alisema. "Mganga alimlaza mke wangu chumba kilekile chenye mtambo, pale pana nafasi. Tulikuwa tunamsikia anavyohema. Mke wangu akaniuliza, huyo mtu naye anaumwa?"

Nje nahodha alikuwa anagonga kitu kwa nyundo, akaacha.

"Nikamwambia ndiyo," alisema yule bwana, "naye anaumwa, tumwache amalize." Akainuka, akaniaga mimi peke yangu, akatoka.

Ufunguo sikuukabidhi, na hakuna aliyethubutu kuudai. Asubuhi iliyofuata nilifungua hewa, nikaita kisiwani kwanza, na baba yangu akasubiri zamu yake pamoja na watu wengine.